Gundi gani itashika nembo ya aluminiamu kwenye injini ya pikipiki XT500? Nipo Tanga

MtotoWaSahare

Wakuu salaam, poleni na majukumu.

Nina Yamaha XT500 ya mwaka 1979. Aliinunua ami yangu kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akifundisha ufundi Lushoto. Mkataba wake ulipokwisha akaona gharama ya kuisafirisha kwao haina maana, akaiacha. Ami kaiendesha miaka, halafu ikalala bandani chini ya makuti mpaka nilipoiomba. Inawaka, kwa anayeijua kiki yake. Asiyeijua inamrudishia mguu mpaka anamtaja mama yake. Sasa naifufua polepole hapa nyumbani Sahare: tangi limeshapakwa rangi, nyaya nimebadilisha, makava ya injini nimeyang'arisha kwa mkono.

Kilichobaki kunisumbua ni nembo. Kwenye kava la kulia, upande wa kiki, kuna kile kibati cha aluminiamu chenye jina la YAMAHA, herufi rangi ya fedha juu ya weusi. Hakina skrubu wala msumari, kinabandikwa tu. Changu ni cha asili, uso wake bado mzuri, ila kilibanduka na kona moja imejikunja. Nyuma kuna ugaga wa gundi ya zamani, rangi ya kahawia. Urefu kama sm 6, upana sm 1.5.

Kuna gereji moja walinibandikia kwa supaglu. Kikatulia vizuri, nikafurahi. Nimekwenda Pangani na kurudi, nafika nyumbani kona moja inaning'inia. Bahati haikudondoka njiani, maana kibati kama hiki hapa mjini sijui nitakipata wapi.

Nimepita maduka ya vifaa pale Ngamiani, nimeoneshwa silikoni nyekundu, silikoni nyeusi, gundi ya chuma ya mirija miwili, na tepu ya pande mbili. Kila muuzaji anasifia ya kwake. Nataka itakayohimili joto, oili na mtikisiko, na kama itawezekana siku nikitaka kukibandua kisivunjike. Kutoboa kava sitaki.

Nawasilisha.

---

BodaMakorora

Mkuu mbona kazi ndogo hiyo. Rudia supaglu, ila safari hii nyunyizia soda ya kupikia juu yake. Inaganda hapo hapo inakuwa jiwe. Mimi mkono wa kioo changu nimeunga hivyo na napiga boda kila siku.

---

Fundi_Barabara12

Marahaba MtotoWaSahare, ingawa hujaniamkia.

Na wewe wa Makorora, soda yako irudishe kwa mama mandazi. Sisemi supaglu ni mbaya. Mahali pake ni kitu kidogo kisichopata joto wala kupigwapigwa. Ile ya kawaida huanza kulegea ikikaribia nyuzi 80, na hata kabla ya kufika huko ni kavu mno, haina mnyumbuko. Ukiitia soda kweli inaganda papo hapo na inazidi ugumu, ndiyo maana inafaa kujazia ufa wa plastiki kama huo wa kioo chako. Lakini ugumu huohuo ndio unaoiua kwenye injini ya silinda moja ya cc 499. Ile injini haizunguki tu, inapiga. Ongeza unyevu wa huku kwetu unaojipenyeza pembeni mwa kibati na kuidhoofisha kidogo kidogo. Kwa kazi hii, supaglu ni gundi ya waja leo waondoka leo.

Sasa mwanangu, wauzaji wote wamekujibu swali ambalo si lako. Wewe umeuliza gundi gani kali. Hapa ukali si hoja sana. Kibati cha sm 6 uzito wake ni gramu chache, hata gundi dhaifu inakibeba. Kinachobandua nembo kwenye injini ni vitu vingine, na kila gundi ina adui wake.

Cha kwanza ni joto, na joto la injini halilingani kila mahali. Hedi na mapezi ya silinda, zile mbavu za kupozea, ya injini inayopozwa kwa upepo hufika nyuzi 150 na kuendelea. Nembo ingekuwa huko ningekwambia achana na tepu na gundi nyingi tu. Yako iko kwenye kava la klachi, ndilo hilo la kulia. Nyuma yake kuna oili inayorushwa, na oili ya injini ya namna hii ikishachemka vizuri huwa kati ya nyuzi 90 na 120 hivi. Kava kwa nje linapigwa na upepo, kwa hiyo linakuwa chini ya hapo. Lakini kumbuka bomba la ekzosi kwenye XT linashukia upande huohuo wa kulia, nalo linaongeza lake hasa ukisimama kwenye foleni. Ukitaka kukisia bila kifaa, rudi na pikipiki kutoka safari ndefu, dondoshea tone la maji kwenye kava. Likichemka kwa kelele, umepita 100. Likitulia likakauka polepole, uko chini.

Cha pili ni namna kibati kinavyokaa. Umesema kona imejikunja. Hapo ndipo kazi yako yote ilipo, na hakuna muuzaji aliyekuuliza. Gundi karibu zote zinavumilia kuvutwa moja kwa moja, na kuteleza pia zinavumilia. Zisichovumilia ni kubanduliwa kuanzia ukingoni. Ukikibandika kibati kilichojikunja ukakikandamiza kwa nguvu, kikanyooka kwa kulazimishwa, ile kona inabaki inajivuta nje usiku na mchana, injini ikiwa imezimwa au inawaka. Joto likilainisha gundi kidogo, kona inashinda. Kwa hiyo kabla ya kufikiria mrija wowote, kilaze kibati juu ya ubao laini, uso chini juu ya kitambaa, ukigonge taratibu kwa nyundo ya mpira au ya mti. Kisha kiweke kwenye kava bila gundi. Ukigusa kona yoyote kisicheze. Kama kava lina mbinuko kidogo, kipinde kiufuate huo mbinuko chenyewe.

Cha tatu watu hukitia chumvi kuliko inavyostahili: kutanuka kwa metali. Aluminiamu juu ya aluminiamu zinatanuka sawa, hiyo ni bahati yako. Angekuwa mtu ana kibati cha chuma juu ya kava la aluminiamu, joto likipanda kwa nyuzi 80, sm 6 za aluminiamu zinarefuka kama mm 0.11 na za chuma kama mm 0.06. Tofauti haifiki hata unene wa unywele, lakini inarudiwa kila ukiwasha na kuzima, na gundi kavu inaanza kupasuka pembeni. Wenye nembo za shaba wako katikati. Pitisha sumaku kuhakikisha, isiponasa, endelea.

Ushauri wangu kwa kava la pembeni: silikoni ya gasketi ya joto kali, lakini si yoyote. Nyingine ukiifungua inanuka siki. Ile harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka, na ikifungiwa chini ya kibati inakula aluminiamu na kuacha unga mweupe. Tafuta isiyonuka siki. Kwenye boksi huandikwa neutral, au sensor safe. Rangi isikusumbue. Nyeusi itajificha vizuri zaidi pembeni mwa kibati chako kuliko nyekundu. Nyekundu watu wanaipenda kwa sababu imeandikwa nyuzi 300 na zaidi, ila kava lako halifiki huko hata ukipanda Lushoto kutoka Mombo na gunia la viazi nyuma.

---

Mkonge_Pongwe

Shikamoo fundi. Nakuheshimu lakini kwenye silikoni naomba nipingane nawe.

Nimefanya kazi karakana ya shamba la mkonge muda mrefu, na vibati vya mashine tulivibandika kwa epoksi ya chuma, ile gundi ya mirija miwili. Si hizi epoksi za kawaida za dakika tano. Zile nakubali, nyingi hupoteza nguvu kuanzia nyuzi 60 hadi 80. Nazungumzia za aina ya J-B Weld. Ile ya asili watengenezaji wake wanaipa hadi nyuzi 287. Unachanganya sawa kwa sawa, inaanza kushika baada ya saa 4 hadi 6, na unaiacha saa 15 hadi 24 ndipo iwe imekomaa. Oili haiigusi. Petroli haiigusi. Silikoni ukiimwagia petroli mara kwa mara inavimba na kulainika, na XT yenye kabureta kuukuu inavuja, tusidanganyane.

Halafu jambo ambalo hukumwambia kijana: silikoni ikishagusa pale, imegusa. Akija kujuta, akataka epoksi au rangi, haitashika. Inaacha utando usioonekana kwa macho na asetoni pekee haiutoi. Itabidi akwangue kwa msasa mpaka metali mpya. Kwa hiyo aanze na epoksi. Silikoni iwe ya mwisho.

---

VespaBagamoyo

Mimi niko Bagamoyo, nina Vespa ya zamani, nembo zote nimebandika kwa tepu ya povu ya pande mbili, ile ngumu ya kijivu wanayobandikia nembo za magari. Wala haitikisiki, na jua la pwani linaipiga kutwa. Ukitaka kutoa unakata kwa uzi, hakuna kovu. Kwa nini mnahangaika na mirija?

---

Fundi_Barabara12

Vespa, nembo zako ziko kwenye ngao ya mbele na ubavuni, hazijui injini inafanana vipi. Jua la Bagamoyo linaweza kuchemsha bati jeusi mpaka nyuzi 70, na tepu nzuri ya akriliki inahimili. Lakini tepu za kawaida za namna hiyo zikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 90 zinalegea. Zipo za daraja la juu zinazotengenezwa kuvumilia mpaka 150, hizo zingefaa kabisa. Tatizo ni kwamba dukani hapa unapewa roli isiyo na jina wala namba, na muuzaji anakwambia "hii ndiyo yenyewe". Ile ya duka la vifaa vya ofisi usiiguse kabisa, ni ya kubandikia mapambo ya harusi.

Pongwe, marahaba. Kuhusu petroli una haki, na kuhusu utando wa silikoni una haki zaidi. Kijana alisome hilo mara mbili. Lakini soma na yeye alichoomba: siku moja akibandue kisivunjike. Kibati kile ni chembamba. Kilichoshikwa na epoksi ya chuma hukitoi bila kulipasha kava lote joto kali, na hapo ule weusi wa nembo unaungua, au unakipinda. Silikoni unaikata kwa mshipi wa kuvulia, unauvuta huku na huku kwa nyuma, dakika chache kimetoka kizima. Vibati vya mashine za mkonge hakuna aliyetaka kuvitoa.

Kama kava lake lina kishimo cha kukalia nembo, kingo zikazunguka pande zote, hapo hata mimi ningefikiria epoksi, kwa sababu hakuna kitakachopata pa kukibandulia. Kama kimekaa juu ya uso mtupu, na buti linakisugua kila akipiga kiki, nataka kitu kinachonyumbuka.

---

MtotoWaSahare

Shikamoo mzee, niwie radhi kwa mara ya kwanza. Shikamoo na wewe mzee wa Pongwe.

Kishimo kipo lakini ni kidogo sana, kama nusu milimita, zaidi ni alama kuliko kishimo.

Nimefanya lile jaribio. Kwanza sumaku: haikunasa. Halafu nimeazima kwa rafiki yangu fundi friji kipimajoto cha bastola, kile cha mwanga mwekundu. Nimekwenda Muheza na kurudi, nikapima kabla sijazima. Kwenye kava lenyewe kilisoma nyuzi 47. Nikashangaa, maana mkono hauvumilii hata sekunde. Tone la maji halikupiga kelele lakini lilikauka upesi. Je, kifaa kibovu au joto la kava ni dogo kuliko tulivyodhani?

---

Mkonge_Pongwe

Kifaa kizima, kava lako ndilo linalokidanganya. Umeling'arisha. Kipimajoto cha namna hiyo hakigusi kitu, kinasoma miali ya joto inayotoka kwenye uso, na metali inayong'aa haitoi miali yake vizuri, inaakisi ya vitu vilivyo karibu. Kwa hiyo unapima kidogo joto la kava na kidogo joto la ukuta wa nyumba yenu. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme pale nembo inapokaa, kiache kipate joto pamoja na kava, kisha elekeza kwenye tepu. Sogea karibu ili duara la kipimo lisitoke nje ya tepu.

Vile vya paji la uso vya wakati wa korona usivitumie, vinaishia nyuzi arobaini na kitu.

---

MtotoWaSahare

Aisee. Kwenye tepu nyeusi kimesoma 86.

---

Fundi_Barabara12

Basi hesabu imejifunga yenyewe. Kwa 86, supaglu nje, epoksi ya dakika tano nje, tepu isiyo na jina nje, gundi ya viatu usiiulizie. Zimebaki silikoni na ile epoksi ya Pongwe. Kishimo cha nusu milimita hakimlindi kitu. Mimi nabaki na silikoni.

Sasa nisikilize kwenye usafi, maana hapa ndipo watu wanaporuka.

Ule ugaga wa kahawia nyuma ya kibati ulowanishe kwa tina au asetoni ya duka la rangi, utalainika, ukwangue kwa kipande cha plastiki au ukucha wa mti. Usitumie bisu. Na angalia sana: asetoni isipite kwenda mbele. Ule weusi wa nembo ni rangi, itayeyuka mbele ya macho yako. Lowanisha pamba, fanyia nyuma tu, kibati kikiwa kimelala uso chini. Zile dawa za kutolea rangi ya kucha za saluni usizitumie, nyingi zina mafuta ya kulainisha ngozi, na wewe unatoa mafuta, huyaongezi.

Petroli pia hapana. Najua kila gereji wanaoshea petroli, na kwa kutoa grisi nene ni sawa, mimi mwenyewe nina kopo lake. Lakini ikikauka inaacha utando. Mwisho wa kazi lazima iwe asetoni au spiriti safi, kwa kitambaa cheupe cha pamba kisichotoa nyuzi. Futa kwa upande mmoja, geuza kitambaa, futa tena. Usizungushe, utakuwa unayahamisha tu. Endelea mpaka kitambaa kibaki cheupe.

Kava la zamani lina jambo lake. Aluminiamu ya kumimina ina vitundu, na imekunywa oili miaka zaidi ya arobaini. Unalisafisha leo, linang'aa, kesho likipata joto linatoa jasho la oili chini ya gundi yako. Kwa hiyo baada ya kusafisha mara ya kwanza lipashe moto. Draya ya saluni inatosha, pulizia pale pa nembo mpaka mkono usivumilie, liache lipoe, futa tena. Utaona kitambaa kimechafuka upya. Rudia hadi kikome.

Kisha msasa. Zungushia tepu ya karatasi ya wapaka rangi pembeni mwa pale kibati kitakapokaa, usije ukaharibu kung'arisha kwako, halafu kwangua ndani ya mipaka kwa msasa namba 120 au 180. Na nyuma ya kibati vilevile. Uso uliong'arishwa hauna pa kushika. Futa vumbi kwa spiriti, ngoja ikauke, na kuanzia hapo usiguse kwa kidole. Kidole chako kina mafuta hata kama umenawa kwa Omo.

Kujua kama pasafi, nyunyiza maji kidogo. Yakitandaa kama utando mmoja, pako tayari. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta, rudi nyuma. Pakikubali, kausha na ubandike saa hiyohiyo, usiende kuswali Adhuhuri na kula pilau ukarudi jioni. Aluminiamu iliyokwanguliwa inaanza kujifunika upya mara moja, na hewa ya huku ina chumvi.

Kuhusu kubandika. Watu wanapaka silikoni kibati chote, wanakandamiza mpaka inatoka yote pembeni. Inabaki karibu metali kwa metali, na silikoni nyembamba hivyo haina cha kunyumbuka. Mimi naweka vipande viwili vya mshipi wa kuvulia wa nusu milimita, vifupi kuliko kibati, nyuma yake, kimoja kila upande. Vinabaki humohumo. Ukikandamiza, kibati kinasimama juu ya mshipi na unene wa gundi unakuwa sawa kila mahali. Kishimo chako cha nusu milimita nacho kitajaa sawasawa, uso wa kibati utatokeza kidogo, si vibaya.

Silikoni yenyewe usiipake kama siagi. Weka mistari myembamba ya kusimama, toka juu kwenda chini, yenye nafasi kati yake. Sababu mbili. Maji yakiingia yapate pa kutokea chini. Na silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, kama mm 2 au 3 kwa siku. Ukiifungia kati ya metali mbili bila nafasi, kwa upana wako wa sm 1.5 katikati ni mm 7.5 toka ukingoni, itakuchukua siku tatu au nne ndipo katikati pakauke. Ukiacha mifereji, hewa inaingia. Kwa mara moja joto la Tanga na unyevu wake vinakufanyia kazi.

Kandamiza, shikiza kwa tepu ya karatasi ili kisishuke, uondoke. Iliyotokeza pembeni usiipanguse ikiwa mbichi, utaipaka kava zima na Pongwe ameshakueleza matokeo yake. Iache ikauke, kesho yake ikate kwa wembe mpya.

---

PwaniClassic

Naomba kuuliza kidogo. Pikipiki za Kiingereza za zamani vibati vingi vilikuwa vimepigwa vile vimisumari vifupi vyenye nyuzi za kujisokota, vinagongwa kwa nyundo. Kwa nini asifanye hivyo akamaliza habari ya gundi milele?

---

Fundi_Barabara12

Kwa sababu alishasema hataki kutoboa, na ana haki. Kava la klachi si pande la chuma. Ukitoboa ukapitiliza, umefungua njia ya oili kuvuja, na vumbi la drili limeingia kwenye klachi. Vimisumari vile vilipigwa kiwandani mahali palipoachwa panene makusudi. Na kibati cha Yamaha hakina matundu. Kukitoboa ni kukiua.

---

MtotoWaSahare

Mzee wangu, Mungu akuweke. Nimepata silikoni nyeusi isiyo ya siki, boksi limeandikwa neutral, tarehe yake haijapita. Mshipi wa nusu milimita nimepewa bure na mvuvi jirani, akashangaa nataka kipande cha sm 10 tu.

Swali la mwisho: niendeshe baada ya muda gani, na nioshe lini?

Mzee wa Pongwe, ile epoksi yako nimeinunua pia, nataka kuitumia kwenye pezi moja la silinda lililovunjika ncha. Tusameheane.

---

Mkonge_Pongwe

Hapo umenifurahisha. Ila kwenye pezi usitarajie kitu kizuri, ni joto kali kuliko kava na ncha ina mtikisiko. Kama kipande kilichovunjika unacho, peleka kwa mchomeleaji wa aluminiamu. Kama huna, ipake epoksi ukijua ni kwa ajili ya macho tu.

---

Fundi_Barabara12

Kaa siku nne bila kuiwasha. Najua utawasha siku ya pili, lakini mimi nimesema. Wiki ya kwanza usiipeleke kwenye mashine za kuoshea za presha, na hata baada ya hapo waambie vijana wasielekeze bomba ubavuni mwa kibati kwa karibu. Maji ya presha yanaingia chini ya ukingo kuliko oili na petroli zote tulizozijadili. Osha kwa ndoo. Kabureta ikivuja itengeneze, usiache petroli idondokee kava.

Na funga mguu wa kulia vizuri ukipiga kiki. Kama buti lako lina zipu au ndoano kwa upande wa ndani, litakwangua nembo kabla gundi yoyote haijashindwa.

---

BodaMakorora

Fundi, na nembo ya tangi la boda yangu je? Imetoka kona.

---

Fundi_Barabara12

Hilo tangi, si injini. Muulize Vespa.